Faharasa Ipo, Mbona Haitumiki?



Ukikaa na vijana wanaoandika programu za kompyuta, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kuna lalamiko hutakosa kulisikia. Kijana ana jedwali lenye mistari milioni. Swali analoiuliza kanzidata linachukua sekunde kumi kujibiwa. Anashauriwa aweke faharasa, ile ambayo mafundi wenzake huiita indeksi. Anaiweka. Anauliza tena swali lilelile, na majibu yanakuja kwa sekunde kumi zilezile. Anachungulia ndani, anakuta kanzidata imeiona faharasa yake, ikaiacha palepale, ikasoma jedwali zima kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Hapo maneno makali huanza: kanzidata hii mbovu, toleo hili lina kasoro, bora tuhamie nyingine.

Leo nimekuja kuitetea mashine. Siitetei kwa kila jambo, maana hukosea, na ikikosea hukosea vibaya. Lakini mara nyingi inatukanwa kwa kosa ambalo haikulifanya. Hesabu yake ya gharama huwa nzuri ya kutosha. Kinachoiponza ni ile idadi ya mistari iliyoikisia kabla hata haijaanza kuhesabu.

Tuanze na huyo anayechagua. Mtu anayeandika swali kwa lugha ya SQL haelezi jibu litafutwe vipi. Anataja anachokitaka tu: nipe wateja wa Lindi. Njia ya kuwafikia haimo katika maneno yake. Leo tunaliona jambo la kawaida, ila mwaka 1970 lilikuwa geni kabisa. Mwaka huo Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala yake ya kupanga data katika majedwali. Kabla ya hapo mwandishi wa programu alijiongoza mwenyewe: toka rekodi hii, fuata kiungo hiki, fika rekodi ile. Mpangilio wa data ukiguswa, programu yake inavunjika. Codd alitaka mtu aulize, basi. Waliompinga walikuwa na hoja nzito: kama mtu haonyeshi njia, mashine itaijuaje njia ya haraka?

Jibu lilitoka San Jose hukohuko, katika mradi ulioitwa System R. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wanne waliwasilisha mjini Boston makala iliyoeleza namna mashine inavyoweza kuchagua njia yenyewe, na kanzidata nyingi tunazozitumia leo bado zinapita katika njia aliyoifyeka mama huyo. Sehemu inayofanya kazi hiyo huitwa optimaiza. Huorodhesha njia zinazowezekana, hukadiria gharama ya kila moja, kisha huchukua ya bei ndogo. Na gharama, kwa Selinger, ilikuwa jumla ya vitu viwili: kurasa zitakazovutwa kutoka kwenye diski, na kazi ya kichakataji kwa mistari itakayopita, ikipewa uzito wake.

Hilo neno kurasa lishikeni vizuri. Kanzidata haivuti mstari mmoja mmoja kutoka kwenye diski. Huvuta ukurasa, yaani fungu la mistari kadhaa kwa pamoja. Kwa PostgreSQL, kanzidata isiyolipiwa ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ukurasa huo ni wa kilobaiti 8. Umetaka mstari mmoja? Utavuta na majirani zake wote.

Sasa tuhesabu, na aliye na kalamu aichukue. Natumia viwango ambavyo PostgreSQL huja navyo kabla mtu hajaigusa. Kusoma ukurasa unaofuatana na uliotangulia: gharama 1. Kurukia ukurasa ulioko kokote: gharama 4. Kushughulikia mstari mmoja: 0.01. Kuulinganisha mstari huo na sharti lako: 0.0025. Hizi si sekunde wala shilingi, ni uwiano tu wa kazi na kazi.

Tuseme tuna jedwali la wateja 1,000,000, na kila ukurasa unabeba wateja 50. Hizo ni kurasa 20,000. Kulisoma jedwali lote kwa mfululizo ni 20,000 za kurasa, 10,000 za kushughulikia mistari na 2,500 za kulinganisha. Jumla 32,500. Bei hiyo haibadiliki, utake mteja mmoja au uwatake wote.

Mteja mmoja kwanza. Unamtafuta kwa namba yake ya simu, na namba za simu zina faharasa. Faharasa yenyewe ni mti uliopangwa, mti wa aina waliyoibuni Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa katika maabara ya Boeing, naam, hao hao wa ndege. Kanzidata inashuka ngazi chache za mti, inakuta mahali mteja alipo, inavuta ukurasa wake. Gharama ni 8 na ushee. Nane dhidi ya elfu thelathini na mbili na mia tano, hakuna wa kubishana.

Sasa wateja wa Lindi. Tuseme ni asilimia 2 ya jedwali, yaani watu 20,000, na safu ya mkoa ina faharasa. Wateja hawa waliandikishwa siku mbalimbali, wakachanganyika na wa Mwanza na wa Tanga, kwa hiyo wametapakaa jedwali zima. Kwa kanuni inayotumiwa na optimaiza, mistari 20,000 iliyotapakaa hivyo itagusa kurasa 13,333 hivi kati ya zile 20,000. Kila moja ni ya kurukia, kwa gharama ya 4. Unapata 53,000 na zaidi.

Asilimia 2 tu, jamani, na tayari kuifuata faharasa ni ghali kuliko kusoma kila kitu! Katika mfano wetu mpaka wenyewe uko karibu na asilimia 1. Wengi hudhani uko kwenye ishirini au thelathini, na hapo ndipo mashine huonekana imepotoka. Fikiria kitabu cha historia ya Unguja, halafu mtu akaenda kwenye faharasa ya nyuma kutafuta neno "Unguja". Atakuta orodha ya kurasa mia tatu. Mwenye akili ataifunga faharasa na kuanza kukisoma kitabu.

Nisiwadanganye, hata hivyo, kwamba njia ni hizo mbili tu. Tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005, PostgreSQL ina njia ya katikati. Inaipitia faharasa kwanza bila kugusa jedwali, inaandika kando ni kurasa zipi zenye kitu, kisha inakwenda kuzisoma kwa mpangilio zilivyolala diskini, kila moja mara moja. Kwa wateja wetu wa Lindi, njia hiyo ingegharimu takriban 21,000, ikazishinda zote mbili. Ukiomba sehemu kubwa zaidi ya jedwali, nayo inapoteza, tunarudi kwenye kusoma lote.

Lakini kuna jambo linalonifurahisha kuliko hayo. Chukua jedwali lilelile, na badala ya mkoa uliza kwa tarehe ya kuandikishwa: nipe wateja wa kipindi fulani, nao pia wakawa 20,000, asilimia 2 ileile. Wateja huandikwa jedwalini kadiri wanavyokuja, basi waliokuja kipindi kimoja wamelala pamoja. Watu 20,000 wanaenea katika kurasa 400 zinazofuatana. Njia ya faharasa ya kawaida, iliyotoka kushindwa vibaya kwa Lindi, hapa inagharimu kama 1,000 hivi. Idadi ya mistari ni ileile na aina ya faharasa ni ileile, lakini bei imeshuka mara hamsini. PostgreSQL inalijua jambo hili kwa sababu huweka, kwa kila safu, kipimo cha jinsi mpangilio wa thamani unavyolingana na mpangilio wa mistari diskini. Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Je, ni kwa asilimia ngapi faharasa inaacha kutumika?" simpi namba. Namuuliza data yake imelalaje.

Kuna na kisa cha upande wa pili, cha jedwali dogo. Mwanafunzi anajaribu kwenye kompyuta yake ya mkononi, ameingiza wateja 200. Anatafuta kwa namba ya simu, faharasa ipo, na bado kanzidata inasoma jedwali zima. Anakata tamaa. Wateja 200 ni kurasa 4 tu. Kuzisoma zote ni 6.5, na kupitia faharasa ni 8 na kidogo. Mashine imechagua sawasawa. Jaribio la mistari 200 halikufundishi chochote kuhusu jedwali la milioni, na nadhani walimu wetu wanapaswa kulisema hili siku ya kwanza ya somo.

Turudi kwenye ile gharama ya 4 ya kuruka. Inatoka wapi? Diski za zamani zilikuwa sahani zinazozunguka. Sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde 8 na kitu kumaliza duara, kwa hiyo kwa wastani unangoja milisekunde 4 hadi ukurasa wako upite chini ya kichwa cha kusomea, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusogea. Kuruka kulikuwa adhabu. Maelezo ya PostgreSQL yanasema namba 4 unaweza kuielewa hivi: kuruka huchukua muda mara 40 ya kusoma mfululizo, ila tunatarajia kurasa 90 katika kila 100 za kurukia zitakutwa tayari kwenye kumbukumbu. Kwa diski za SSD, ambazo hazizunguki, adhabu hiyo imepungua mno, na mafundi wengi huishusha namba hadi 1.1. Rudia hesabu ya Lindi kwa 1.1: kurasa zile 13,333 sasa ni 14,700 hivi. Faharasa imeshinda kusoma jedwali lote. Hakuna aliyegusa swali, hakuna aliyegusa data. Kama seva yako ina SSD na hujawahi kuitazama namba hiyo, basi optimaiza yako inaishi katika dunia ya sahani zinazozunguka, na si kosa lake.

Mpaka hapa nimekuwa wakili mzuri. Sasa upande wa makosa.

Nilisema wateja wa Lindi ni asilimia 2. Optimaiza imejuaje? Haiwezi kuhesabu kwanza, maana kuhesabu ndiyo kazi yenyewe inayotaka kuikwepa. Inategemea takwimu zilizokusanywa mapema. PostgreSQL huchukua sampuli ya mistari 30,000, iwe jedwali ni la milioni moja au milioni mia. Kutokana na sampuli hiyo huorodhesha thamani zinazojirudia sana, hadi 100 kwa kila safu, pamoja na sehemu ya kila moja, na zilizobaki huzigawa katika mafungu. Ndiyo maana kwenye jedwali la wakazi wa Unguja, ukiuliza jina Mohamed inaweza kuchagua njia moja, na ukiuliza jina la nadra ikachagua nyingine, kwa swali lilelile na faharasa ileile. Watu huliona hilo kama kigeugeu. Mimi naliona ndiyo akili yenyewe.

Pasipo takwimu, hubaki kubahatisha. Makala ya Selinger ilikuwa na viwango vya kubahatishia: sharti la kulingana na thamani fulani, lisilo na faharasa ya kusaidia kukisia, litapitisha mstari 1 kati ya 10, sharti la "zaidi ya" ambalo haliwezi kukadiriwa litapitisha theluthi. Waandishi wenyewe walikiri kwamba theluthi hiyo haina maana maalumu, isipokuwa ni ndogo kuliko nusu na inachuja kidogo kuliko kulingana. Nawaheshimu kwa ukweli huo. Theluthi hiyo bado imo ndani ya PostgreSQL hadi leo, kwa ajili ya masharti ambayo haina cha kuyakadiria.

Kosa kubwa zaidi hutokea masharti yanapokuwa mawili. Uliza wateja wa Mkoa wa Kaskazini Pemba, Wilaya ya Micheweni. Tuseme mkoa ni asilimia 2 ya jedwali na wilaya ni asilimia 1. Optimaiza huzidisha: asilimia 1 ya asilimia 2, yaani watu 200 katika milioni. Lakini mimi na wewe tunajua kila aliye Micheweni yuko Kaskazini Pemba. Jibu ni watu 10,000. Imekosea mara hamsini, kwa sababu imedhani wilaya na mkoa ni vitu visivyojuana.

Hapo balaa huanza. Kwa kudhani ni watu 200, ikitakiwa kuwaunganisha na jedwali la miamala inaamua kuchukua mtu mmoja mmoja na kwenda kumtafuta kule kupitia faharasa. Safari 200 ni rahisi. Zikawa 10,000, kila moja na kurasa zake za kurukia. Swali lililotarajiwa kujibiwa mara moja linaning'inia. Na angalieni kinyume chake: hapa faharasa imetumika, na kutumika kwake ndiko kulikoharibu. (Siku nyingine ukiambiwa kwenye dirisha la benki kwamba mtandao unasumbua, pengine mtandao ni mzima kabisa.) Tangu toleo la 10, mwaka 2017, unaweza kuiambia PostgreSQL kwa amri ya CREATE STATISTICS kwamba safu hizi mbili zina undugu, izikusanyie takwimu pamoja. Si wengi ninaowaona wakiitumia.

Mwaka 2015 Viktor Leis na wenzake, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani, walizijaribu kanzidata kadhaa kwa data halisi ya filamu, wakitumia maswali 113 yenye kuunganisha majedwali mengi. Walikuta makadirio ya idadi ya mistari yakikosea sana katika kanzidata zote, na kosa likizidi kadiri majedwali yanayounganishwa yanavyoongezeka. Ubora wa kanuni za gharama ulikuwa na athari ndogo mno ukilinganisha na makosa hayo ya idadi. Miaka 36 baada ya Boston, kigugumizi ni kilekile: ni wangapi?

Kwa hiyo fundi mwenye swali zito aanze na EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha njia iliyochaguliwa, na kwa kila hatua ikaweka mistari iliyokisiwa kando ya mistari iliyopatikana kweli. Anza na hatua ya ndani kabisa, panda kwenda juu, ukisimama pale ambapo namba hizo mbili zinaachana kwa mara ya kwanza. Zikikaribiana kila mahali na faharasa bado haikutumika, basi angalia gharama, au ukubali umeshindwa kwa haki. Zikiachana, kazi yako iko kwenye takwimu. Pengine zimechakaa: kwa kawaida PostgreSQL huzikusanya upya baada ya sehemu kama moja ya kumi ya jedwali kubadilika, na jedwali likiwa kubwa sana, moja ya kumi ni mistari mingi ya kusubiri.

Lipo na kundi la kesi ambazo hazihusu uchaguzi hata kidogo, kwa kuwa faharasa haiwezi kutumika hata optimaiza ingetaka. Ukitafuta namba za simu zinazomalizikia na 45, mti uliopangwa kwa mianzo ya namba haukusaidii. Ukiligeuza jina kuwa herufi kubwa ndani ya swali, faharasa ya jina la kawaida haihusiki tena, hadi uweke ya herufi kubwa. Na upo mtego unaotuhusu sana sisi ambao namba zetu huanza na sifuri: namba ya simu huhifadhiwa kama maandishi ili sifuri isipotee, kisha mtu kwenye MySQL, kanzidata nyingine, anaiuliza bila alama za kunukuu, kama tarakimu. MySQL italazimika kugeuza kila mstari kabla ya kulinganisha, na faharasa inawekwa pembeni kimyakimya, bila onyo.

Mtauliza: si niilazimishe tu kanzidata itumie faharasa? Kanzidata ya Oracle inakubali maelekezo yaandikwe ndani ya swali, MySQL ina FORCE INDEX. Waundaji wa PostgreSQL wamekataa kuweka maelekezo ya namna hiyo ndani ya kanzidata yenyewe, na nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Elekezo huandikwa kwa ajili ya jedwali la leo. Baada ya miaka mitatu jedwali limekuwa mara kumi, aliyeliandika amehamia kazi nyingine, na elekezo bado liko palepale likitii data ambayo haipo tena. Ila usiku wa mwisho wa mwezi, mishahara imekwama na mkurugenzi yuko kwenye simu, sitamlaumu atakayeliandika. Aweke tu tarehe kando yake.

La mwisho, kwa mnaodhani dawa ni kuongeza faharasa hadi mojawapo itumike. Kila mstari mpya ukiingia, huandikwa jedwalini na katika kila faharasa pia. Jedwali lenye faharasa kumi linalipa bei hiyo mchana kutwa, hata kama optimaiza inatumia tatu. PostgreSQL huhesabu mara ngapi kila faharasa imetumika, katika orodha iitwayo pg_stat_user_indexes. Zile zenye sifuri zitazameni kwa makini. Lakini kabla ya kuzifuta hakikisheni kwamba si za kulinda upekee wa namba za wateja, maana hizo hufanya kazi hata kama hazijatumika kutafutia. Na kama mna seva nakala inayotoa ripoti, fungueni orodha ya kule pia, kwani kila seva hujihesabia yenyewe, na faharasa yenye sifuri huku inaweza kuwa ndiyo inayobeba ripoti zote kule.